Bahati Iachwe Duarani

Stendi ya mabasi ya Shinyanga imewahi kuzaa timu ya mpira. Stand United, Chama la Wana, ilianzia kwa watu wa hapohapo stendi, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2014, na hadi leo ukilitaja jina hilo karibu na vibanda vya tiketi utapata mtu wa kukusimulia ilivyokuwa tamu na ilivyokuja kuharibika. Mimi nilikuwa nimefuata drafti, na sikuhitaji kwenda mbali. Nyuma ya magari ya Kahama, chini ya mwarobaini, watu wazima walikuwa wameinama kama wanaosaidia kutafuta sindano.

Ubao ni kipande cha plaiwudi juu ya kreti la soda. Miraba 64 imechorwa kwa kalamu ya wino mzito, nusu yake imepakwa oili chafu ili iwe myeusi. Kete ni vizibo vya soda: 12 vimelala chali, 12 kifudifudi, na hiyo ndiyo tofauti yote kati ya pande mbili. Kizibo kikifika mstari wa mwisho wa adui kinabebeshwa kizibo kingine mgongoni, kinakuwa kingi, na kuanzia hapo kinavuka ubao mzima kwa hatua moja. Wanaocheza ni wawili. Waliobaki wote ni makocha.

"Kula, unaogopa nini?"

"Akila hapo kaisha. Mwacheni ale."

"Nyie kelele! Ubao huu una wenyewe."

Mwenyewe aliyesema hivyo alikuwa dereva wa bajaji, funguo ameziningʼiniza kwenye kidole cha mwisho, abiria wake ameketi ndani ya bajaji anasubiri mchezo uishe. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliwakemea hadharani vijana wanaoshinda kwenye meza za pool saa za kazi, na wakuu wa mikoa na wilaya wakalidaka agizo. Vijiwe vingi vya michezo vikanyamaza kwa muda. Drafti iliponea pale kwa sababu haina meza ya kubeba. Askari akionekana, plaiwudi inageuka kiti na vizibo vinaingia mfukoni.

Kilichonileta Usukumani ni swali dogo ambalo lilikuwa limenikaa kichwani. Shinyanga na Geita ni nchi ya bahati. Mtu anachimba miezi sita bila kuona kitu, jirani yake hatua 5 kutoka pale anatoka na mfuko mmoja wa mawe unaojenga nyumba. Mvua hainyeshi, pamba inakauka. Inanyesha, bei inashuka. Ungetegemea watu wa namna hii wakikaa kucheza wacheze dadu na karata. Wapo wanaocheza. Lakini kijiwe kinachoheshimika, kile chenye wazee na chenye kesi za kuamuliwa, karibu kila mahali ni cha drafti au cha bao, michezo miwili ambayo kila kete iko wazi mezani na bahati haina pa kujificha.

Mjomba wangu anaishi Old Shinyanga, kilomita chache nje ya mji, amestaafu kutoka kiwanda cha kuchambua pamba. Nilimkuta amekaa barazani na jirani yake, mstaafu wa reli, bao likiwa katikati yao. Nikapiga goti kidogo, "Mwadila, mjomba," akaitikia bila kuinua macho, kisha akanyoosha mkono kuonyesha kigoda. Mkewe alileta chai na michembe iliyochemshwa na karanga. Hakuna aliyeniuliza habari za safari mpaka mchezo ulipokwisha, na hiyo kwa mjomba ni dalili ya kukaribishwa vizuri.

Bao lao ni la mninga, limekaa mikononi hadi kingo zimekuwa laini. Kete ni kokoto, 64, za mtoni. Wasukuma wana mchezo wao wa mashimo, isolo, ndugu wa igisoro ya Rwanda na omweso ya Uganda, na mjomba aliujulia kwenye shikome, moto wa jioni wa wanaume, ambako baba yake alikuwa akichimba mashimo ardhini karibu na jivu. Bao la Kiswahili, lenye nyumba, shimo kuu la kila mchezaji, na namua, hatua ya kwanza ya kuingiza kete ubaoni, alilijulia kiwandani kwa fundi mmoja mtu wa pwani. Anayacheza yote mawili, ila anasema isolo ni ya nyumbani na bao ni la heshima.

Nilitazama hatua moja ambayo bado naiona. Mchezo ulikuwa kwenye namua, mjomba akiwa na kete chache zilizobaki mkononi. Jirani alikuwa ameilinda nyumba yake tangu mwanzo, haigusi, kete 9 zimejaa. Mjomba alidondosha kete moja kwenye shimo lililotazamana na shimo la kete 4, akala, akazianzia kichwani, shimo la pembeni kabisa. Ya nne ikaangukia penye kete, mkabala na nyumba yenyewe. Hakutabasamu. Alivuka kwa vidole vitatu, akazoa zile 9, akazisambaza moja moja kuanzia kichwani, tak, tak, tak, zikaumaliza mstari wa mbele, ya mwisho ikageuka kwenye mstari wa nyuma na kulala shimoni penye utupu. Jirani alitazama shimo la nyumba yake lililobaki jeupe. "Umeiona lini?" akauliza. Mjomba akamjibu, "Ulipokunywa chai."

Mholanzi Alex de Voogt aliwafuata mabingwa wa bao wa Zanzibar na kuandika tasnifu ya udaktari juu yao, Leiden, mwaka 1995. Aliwashangaa kwa namna wanavyokokotoa zamu ndefu kichwani bila kugusa kete. Ningependa awe amepita Old Shinyanga pia, amsikilize mjomba akihesabu kwa Kisukuma huku midomo imefungwa.

Siku iliyofuata ubishi ulihamia Mwadui, ambako machimbo ya almasi yako mwendo mfupi tu kutoka hapo. Mjomba anaamini John Williamson alikuwa na bahati. Jirani haamini. Williamson, Mkanada, aligundua mwamba wa almasi wa Mwadui mwaka 1940, na mwaka 1947 ikatoka ndani yake ile almasi kubwa ya rangi ya waridi, karati 54.5, iliyopelekwa London kuwa zawadi ya ndoa ya Binti Mfalme Elizabeth. "Sasa huyo siyo bahati?" mjomba anauliza. Jirani anahesabu kwa vidole: alikuwa na udaktari wa jiolojia, alizunguka nchi hii miaka kadhaa na malaria juu, alijua anatafuta mwamba wa aina gani. "Bahati ni yetu sisi," alisema, "tuliozaliwa juu yake tukachunga ngʼombe." Wakarudi kwenye bao. Mwalimu Nyerere, mpenzi wa bao anayejulikana, angewafaa sana watu hawa wawili kuwa mwamuzi, na nadhani angewachosha.

Kutoka Shinyanga unapita Tinde na Isaka, kwenye bandari kavu, halafu Kahama. Kahama ni mji unaokua mpaka unakuwa na kelele: maghala ya mpunga, malori ya Rwanda na Burundi, maduka ya vifaa vya mgodi yanayouza buti, kamba na taa za kichwani. Mgodi wa Buzwagi uliokuwa jirani kabisa na mji ulifunguliwa mwaka 2009 na kufungwa 2021. Bulyanhulu, ulioanza 2001, bado unafanya kazi upande wa kaskazini.

Nilifikia kwa shangazi, mfanyabiashara wa mchele. Kwake ubao wa familia ni ludo, ule wa kadibodi wenye nyoka na ngazi upande wa pili, unaouzwa kila sokoni. Michezo yote miwili asili yake ni India, ikazunguka Uingereza kabla ya kufika kwetu, lakini ukimwambia hivyo mjukuu wa shangazi wa darasa la tano atakutazama kama unayemchelewesha. Kwake ludo ni sita. Sita itoke, mtu atoke nyumbani. Nilimwona akiliongelesha dadu kabla ya kulirusha, akalipulizia, akaliita "mama". Shangazi anacheza ludo kwa namna ya pekee: anaua tu. Hana haraka ya kufika. Anakaa nyuma yako.

Ila usiku wa pili binamu yangu, mtoto wa mwisho wa shangazi, anayesoma chuo Dar es Salaam, alituwekea jambo jipya. Huko chuoni amejifunza na wenzake mchezo wa kuigiza mezani, jamii ya Dungeons & Dragons, ile iliyotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Hakuna ubao wa lazima. Mmoja anasimulia, waliobaki kila mmoja ni mhusika; msimulizi anasema mko wapi na kuna nini mbele yenu, ninyi mnasema mnafanya nini, na jambo likiwa na shaka dadu linaamua. Binamu alijua mazimwi na majumba ya mawe ya Ulaya hayatamkalisha mama yake mezani. Akatutungia mgodi.

"Mimi nitakuwa nani?" shangazi akauliza.

"Chagua, mama. Mchimbaji, broka, mama lishe, mganga..."

"Nitakuwa mwenye mtaji."

Mjukuu akachagua uchimbaji. Mimi nikawa broka, kazi ambayo kila mtu mezani aliniona inanifaa haraka kuliko nilivyopenda. Binamu akazima taa ya sebuleni, akabakisha ya simu, akaanza: tuko kwenye duara, shimo la wachimbaji, mita 60 chini, hewa nzito, udongo unadondoka kidogokidogo juu ya kofia. Mbele kuna mwamba una mstari unaometa. "Mnafanyaje?"

Mjukuu alitaka kupiga nyundo hapohapo. Shangazi akanyoosha kiganja. "Ngoja. Kabla hatujashuka, matimba tuliweka?"

Binamu hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Sijui. Mliweka?"

"Mimi ndiye mwenye mtaji. Magogo nilinunua, nikasimama juu mpaka la mwisho likashuka. Kamba mpya. Na juu nimemwacha mtu wa pampu, mtu mzima, siyo mlevi."

"Basi rusha dadu tuone kama matimba yatashika."

"Nirushe la nini, wakati nimeshaweka?"

Marehemu mumewe alifanya kazi migodini miaka mingi, na nadhani pale mezani hakuna aliyekuwa akiigiza kidogo kama yeye. Walibishana kwa muda, mama na mwana. Nilikuwa upande wa shangazi, na baadaye binamu alikiri kwamba hata sheria za mchezo wenyewe ziko upande wake: msimulizi haombi dadu kwa jambo lisilo na shaka, na mtu akijipanga vizuri anaiondoa shaka. Duara halikuanguka. Mjukuu alipiga nyundo, akarusha dadu akapata moja, ule mstari unaometa ukawa mawe ya kawaida yasiyo na kitu. Alikasirika kweli. Shangazi alimfariji kwa kumwambia hivyo ndivyo ilivyo, mwanangu, kesho tunashuka tena, ila posho yako ya leo nitaikata.

Tulicheza mpaka karibu saa sita usiku. Nilishangaa jinsi mchezo huu mgeni unavyokaa vizuri kwenye nyumba ya Kisukuma. Hadithi ya jioni kwetu haijawahi kuwa ya mtu mmoja kusema na wengine kunyamaza. Msikilizaji anaitikia, anauliza, anabisha, anamkumbusha msimulizi kwamba jana fisi huyo alikuwa ameshakufa. Kilichoongezeka ni dadu, na dadu ndilo shangazi alilolikataa.

Barabara ya kwenda Geita kupitia Kakola ilikuwa vumbi tupu nilipopita. Hiace ilisimama mara nyingi kupakia watu wenye sululu zilizofungwa kwa mpira, na kila mara ukisikia neno moja, rashi, ujue dhahabu imesikika kijiji fulani na kesho mahema ya turubai yatakuwa yamesimama. Nilishuka Nyarugusu.

Machimbo ya wachimbaji wadogo yana kelele ya namna yake. Karasha zinasaga mawe kutwa, vumbi jeupe linakaa kwenye nyusi, na kwenye mialo watu wameinama kuosha. Mgodi mkubwa wa Geita, wa AngloGold Ashanti, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, hauko mbali, lakini ni dunia nyingine yenye uzio na ratiba. Hapa kazi inakwenda kwa makubaliano. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara lake, na wanaoshuka wanalipwa kwa mgao wa mifuko ya mawe. Mawe yasipotoka wanakula kwa gharama za mwenye duara na hawapati kitu kingine. Mtu anaweza kuishi hivyo muda mrefu, ameshiba na hana senti.

Kijiwe cha drafti kilikuwa kwenye banda la mama lishe, ambaye ndiye mwenye ubao. Anautunza nyuma ya ndoo ya unga, na anayetaka kucheza sharti awe amekula kwake. Mshindi anabaki, aliyefungwa ananunua chapati mbili na kupisha. Mchezo wenyewe ulichelewa kuanza kwa sababu wachezaji walikuwa wanapatana sheria. Mmoja alitoka Kigoma, mwingine Kagera, na kambi ya dhahabu haina sheria za kwao. Kete ya kawaida inakula kurudi nyuma au hairudi? Kukiwa na njia mbili za kula, unachagua au lazima uipite ile yenye kete nyingi? Kingi akishakula anasimama popote mbele yake au palepale nyuma ya aliyeliwa? Wa Kigoma alitaka kete irudi nyuma. Wa Kagera alisema kwao ukifanya hivyo unachapwa. Mama lishe, huku anageuza chapati, akakata shauri: kwenye ubao wake kete hairudi, kula ni lazima, njia unachagua mwenyewe. Hakuna aliyekata rufaa.

Nilikaa kwenye benchi na kijana aliyetoka duarani alfajiri, matope yamemkaukia shingoni. Nikamuuliza kwa nini hapa hawachezi karata, maana karata ninazijua kwenye kambi nyingine. Akasema zilikuwepo, zikaleta ugomvi. Halafu akafikiri. "Karata ukifungwa unasema zimenijia mbaya. Drafti ukifungwa, kila mtu hapa kaona wapi ulikosea."

"Na hiyo ni nzuri?"

"Kule chini," akaelekeza kidevu upande wa maduara, "sijawahi kujua wapi nilikosea."

Nimelizungusha jibu hilo kichwani kuliko lolote nililosikia safari nzima. Nilikuja nikidhani watu wanaukimbilia ubao ili kupumzika na bahati. Naona sasa mapumziko ni sehemu ndogo. Ubao unawapa sababu. Ukifungwa, unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye kizibo ulichokisogeza vibaya, na kesho usikisogeze. Duara halitoi maelezo. Ndiyo maana watu wa Nyarugusu wanabishana juu ya mchezo uliokwisha kwa muda mrefu kuliko walivyoucheza, wakiupanga upya kizibo kwa kizibo. Na ndiyo maana, nadhani, mwenye duara aliyekuja kula mchana ule alikubali kufungwa mara mbili na mtu anayemshusha kwa kamba kila siku, akanunua chapati zake nne, na hakuna aliyecheka kwa kejeli. Pale alifungwa kwa haki.

Sitaki kuwapamba. Katoro, mji wa soko wenye pesa ya mchimbaji, nilipita jioni moja nikakuta mashine za dubwi zimezungukwa kuliko kijiwe chochote cha drafti, na vijana wanalinganisha mikeka ya kubeti chini ya taa ya duka. Mmoja alikuwa ameuza dhahabu siku hiyohiyo. Bahati ikishakuzoea inakufuata hadi juu.

Geita mjini nilipita haraka. Soko la dhahabu lililofunguliwa Machi 2019, la kwanza la aina yake nchini, lilikuwa na mabroka wanaotazama bei ya dunia kwenye simu. Nje, walinzi wawili walikuwa na drafti iliyochorwa kwa chaki kwenye saruji. Mmoja alicheza amesimama, kwa sababu zamu yake hairuhusu kukaa.

Kurudi Mwanza nilipitia Busisi. Wanaoijua njia hii ya zamani wanakumbuka foleni ya kivuko: magari yamepangana, wauza samaki, watoto wa mayai ya kuchemsha, na karata zilizotandazwa juu ya boneti kwa saa nyingi. Tangu Juni 2025 kuna daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, na maji yanavukwa kwa dakika chache. Sijamsikia mtu anayeililia foleni. Wagonjwa walikuwa wakisubiri kwenye foleni hiyo pia.

Jirani yangu kwenye basi, mama mwenye kikapu cha dagaa, alitoa simu akaniuliza kama najua drafti. Nikasema najua kidogo. Akauliza, "Ya kwenu kete inarudi nyuma?" Nikamwambia hairudi. "Hii ya simu inarudi," akasema, "basi cheza na wewe irudi." Simu ikapita mkono hadi mkono, dereva akifunga breki vizibo vya kioo havitikisiki, na kabla ya Usagara alikuwa na kingi watatu.